Alama ya Penseli Juu ya Yai

Lango la nyumba yake pale Bluff, mjini Durban, halikuwa na kengele. Mgeni aligonga chuma kwa funguo zake, kisha akasubiri, na kusubiri kule kulikuwa mtihani wa kwanza, maana Mama Mfugaji alikuwa akimtazama kutoka nyuma ya pazia la jikoni. Aliyegonga tena kabla yeye hajatoka hakufunguliwa. Aliniambia jambo hili mwenyewe, baadaye sana, bila kuona haya hata kidogo.

"Mwenye anashindwa kungojea mlango, Mwalimu, atangojea kobe namna gani?"

Nitamwita Mama Mfugaji, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita miaka yote niliyomjua. Mahali alipozaliwa, dini ya wazazi wake, na namna alivyofika kuishi katika nyumba ile yenye bati jekundu siviandiki. Nimeelezwa habari nyingi juu ya mambo hayo, zinazopingana, na kila mmoja wa walionieleza alikuwa tayari kuapa. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mkaguzi wa shule kule Bukavu. Kazi ile ilinifundisha kutoandika katika ripoti jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu. Kwa hiyo yaliyomo humu ama niliyaona, ama niliyasikia kutoka kinywani mwake.

Nilimtafuta kwa ajili ya mke wangu.

Mama Bahati alikulia katika ua wa baba yake pamoja na kobe mmoja mzee aliyelala chini ya ngazi ya jikoni. Tulipoondoka Bukavu, mtoto wetu akiwa bado mgongoni, tuliacha nyumba, vitabu, na kaburi la baba yake. Hayo yote alijifunza kuyataja kwa sauti ya kawaida. Kobe peke yake ndiye aliyemshinda. Mtoto alipokua akahamia Kanada, na sisi tukabaki wawili katika nyumba ya chini hapa Glenwood, wanafunzi wakitembea juu ya vichwa vyetu, mke wangu alianza kutazama kile kibustani chetu cha nyuma kwa namna niliyoielewa kabla hajasema. Kisha daktari akatueleza kwamba moyo wake umechoka na hautapona, ila unaweza kutunzwa. Tulipotoka hospitali tulisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kungoja tuvuke, naye akanishika mkono.

"Papa Bahati," akasema, "ningependa kobe."

Hakuwahi kuniomba kitu kingine katika nchi hii.

Katika jimbo letu kobe hafugwi bila kibali cha idara ya wanyamapori, na kibali hakitolewi kwa mnyama aliyeokotwa porini. Nililijua hilo kwa kuuliza mahali panapostahili kuulizwa. Wengine hawakulijua, au walilijua wakalipuuza. Shemasi wa kanisa letu, Mkongo mwenzangu mwenye duka la simu, mtu mwema asiyeweza kunyamaza, alinisubiri mlangoni baada ya ibada.

"Mzee, juu ya nini kuteseka na makaratasi? Pale soko ya Warwick iko kobe hata leo. Kuna mtu anawaleta kwenye gunia, karibu na wenye kuuzisha dawa za miti."

"Anawatoa wapi?"

"Wanasema anafugaka mwenyewe."

"Nani wanaosema?"

"Watu, mzee! Watu wanasema!"

"Basi wewe hujui."

"Eish, papa, mama ni mgonjwa, na weye unafanya ukaguzi!"

Ndiyo, nilifanya ukaguzi. Nilikwenda Warwick, nikamwona mtu yule na gunia lake. Kobe waliokuwamo walikuwa na mikwaruzo ya miiba iliyovuka magamba yao, kope zimevimba, na mmoja alitoa mapovu puani. Hakuna mfugaji anayeshindwa kusema kobe wake alitaga lini. Mtu yule alishindwa, kisha akaniuliza kama nataka ganda tu bila nyama. Nikaondoka. Mwanamke auzaye mizizi meza ya pili aliniona nikitikisa kichwa, akaniita, akaniambia kwamba nikitaka kobe wa haki nipande hadi Bluff kwa mama fulani mkali, "yule anayekuja hapa kututukana sisi wote kwa jumla."

Sikuamini habari ile pia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akimsifu mshindani aliyemtukana, nikaona inastahili kuthibitishwa.

Siku nilipofika nilivaa koti, nikagonga mara moja, nikasubiri. Alitoka mwanamke mrefu, mnene wa mabega, nywele zimefungwa kitambaa cha hospitali cha kijani, na miguuni kandambili zisizofanana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Durban, ambacho masikio yangu ya mkaguzi hayakukizoea upesi: cha Kikongo kwa sehemu kubwa, Kizulu kikikatiza katikati bila kuomba radhi. Hakuniuliza jina wala nilikotoka.

"Unajua nini juu ya kobe?"

Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vizima kwa ajili ya siku ile. Nikafungua kinywa kuvinukuu, kisha nikaona macho yake, nikafunga kinywa.

"Kwa kweli, mama, sijui."

"Ingia," akasema.

Ndani ya ua hapakuwa na kitu cha kupendeza macho ya mgeni. Palikuwa na vizimba vya matofali vilivyofunikwa wavu kwa sababu ya tumbili, nyasi ndefu zisizokatwa kwa makusudi, na kibanda cha mbao kilichowashwa taa mchana. Kobe wakubwa wenye madoa ya njano na meusi walitembea kati ya nyasi kama watu wenye ghadhabu ya zamani. Hakumtaja hata mmoja kwa jina. Jina, alisema, ni la yule atakayebaki naye. Yeye kazi yake ni kumtoa yaini tu.

Ndipo akaniuliza swali ambalo baadaye nilimsikia akimuuliza kila mtu aliyepita lango lile.

"Umri yako?"

Nikamwambia.

"Kobe anaweza kukuzika weye na kunizika mimi, na kisha aendelee na nyasi yake. Mwenye atabaki naye ni nani?"

"Nina mwana. Yuko Kanada."

"Anapenda kobe?"

"Sijui."

"Sijui yako ni ya kweli," akasema, "lakini haitoshi. Utaijibu mbele."

Taratibu yake ilikuwa hii, na sijaisikia kwa mfugaji mwingine yeyote. Hakumuuza kobe aliyekwisha kuanguliwa kwa mtu asiyemwona akiwa yai. Kobe jike alipotaga, Mama Mfugaji alimwita mnunuzi aje mwenyewe, akafukua mchanga kwa vidole, akampa penseli. Mnunuzi alitia alama upande wa juu wa yai, kabla halijaondolewa mahali pake, kwa sababu yai la kobe likigeuzwa, kilichomo ndani hufa. Kisha lilibebwa hadi kibandani, alama ikitazama juu njia nzima, likalazwa ndani ya chombo chenye joto. Mnunuzi alirudi mara kwa mara kuitazama alama yake. Aliyeacha kurudi alipoteza yai lake, na hakuambiwa. Kwa njia hii hapakuwa na mahali pa neno "wanasema". Aliyechukua kobe kutoka ua ule alijua mama yake kobe, shimo alimotagwa, na siku alipovunja ganda. Mimi niliyekagua shule mia na kidogo nilisimama pale nikaona kwamba nimekutana na mtu wa aina yangu, na jambo hilo halikunifurahisha kama nilivyotarajia.

Maana mke wangu alikuwa akingoja. Na msimu ule mayai yote yalikuwa matupu.

Msimu uliofuata tumbili walipata tundu kwenye wavu. Nilimkuta Mama Mfugaji amesimama juu ya ndoo akiwatukana kwa Kizulu, akavua kandambili akairusha, ikapita juu ya ukuta, ikaangukia kwa jirani. Alikaa amekasirika juu ya ndoo ile, mguu mmoja peku.

"Mwalimu, nenda uniletee."

"Jirani yako anasema ukirusha nyingine hairudi."

"Amesema vile? Weye umemsikia kwa sikio yako?"

"Kwa sikio langu."

"Basi ni kweli," akasema kwa huzuni, na ndipo nilipoelewa kwa nini hazikufanana.

Nilimzoea katika miaka ile ya kungoja. Kila juma nilimpelekea nyasi na magugu niliyokata kandokando ya njia za Glenwood, mbali na barabara kubwa, kwa sababu alikataa majani yaliyokunywa moshi. Aliyanusa kwanza. Mara mbili aliyatupa mbele yangu. Baada ya dhoruba aliteremka pwani na koti la mvua kuokota mifupa meupe ya ngisi, akaitawanya vizimbani ili kobe waigugune na kuimarisha magamba. Hakupika chai kwa wageni. Alisema anayetaka chai aende kwa watu wenye nafasi. Lakini mimi nilipokohoa katika baridi ya Julai, niliporudi nilikuta kikombe cha tangawizi juu ya ukuta, kimefunikwa kwa sahani, na yeye yuko mwisho wa ua amenipa mgongo.

Hakuvumilia maneno mazuri. Mchungaji mmoja, aliyekuja kumtafutia binti yake zawadi, aliinama juu ya kizimba akasema kwa sauti ya mimbarini kwamba kobe ni msafiri mwenye hekima, maana hubeba nyumba yake popote aendapo, kama sisi wakimbizi. Mama Mfugaji alimgeuzia kobe mmoja taratibu, akamwonyesha chini.

"Hii si nyumba, mchungaji. Ni mbavu. Ni mgongo yake. Ukitoboa hapa anatoka damu. Nyumba unaweza kukimbia ukaiacha. Jaribu kuacha mbavu."

Mchungaji hakurudi. Mimi nililipeleka neno lile nyumbani kwa mke wangu. Alicheka hadi akashika kifua, na nikajuta kumchekesha.

Alikuwa na kipimo chake cha watu, ambacho hakukificha. Alisema swali la kwanza la mtu mbele ya kobe linatosha. Aliyeuliza bei alielekezwa kwenye duka la viatu lililo chini ya mteremko. Aliyeuliza kama kobe anauma aliambiwa ndiyo, ili aende. Aliyeuliza ataishi miaka mingapi alipewa kiti, kwa kuwa angalau alikuwa akihesabu mbele.

"Na yupi unamwamini?" nilimuuliza.

"Mwenye anauliza anakula nini. Huyo kichwani amekwisha mufikisha nyumbani."

Yalisemwa mengi juu yake, kanisani na kwenye viti vya saluni. Kwamba ni mchawi. Kwamba huokota kobe wa porini akawapaka mafuta wang'ae, akadai ni wake. Kwamba huuza maganda kwa siri kwa wauza dawa wale wale anaowatukana. La kwanza halistahili jibu. La pili nililikanusha kwa macho, maana niliona watoto wa kobe wa rika mbalimbali, kuanzia waliolingana na sarafu hadi waliolingana na sahani, ngozi zao laini zisizojua mwiba. La tatu nililifuata hadi Warwick, kwa yule mama wa mizizi.

Alicheka sana. "Atuuzie? Ule alinunua kwetu! Zamani. Alikuja kutukana kama kawaida, akamwona mmoja kwenye gunia, mguu umekatika. Akatukana, akatukana, kisha akalipa, akamfunga kwenye kitambaa kama mtoto, akaondoka akitutukana bado."

Nilikasirika kuliko nilivyostahili. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba kila anayenunua mnyama mmoja wa gunia ameagiza mwingine atekwe. Nilipanda Bluff siku ile ile nikamwambia nilichoelezwa, nikangoja akane. Alinitazama, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo sikuwahi kufika. Palikuwa na kizimba kimoja peke yake, mbali na vingine, na ndani yake kobe mwenye kigurudumu cha gari la kuchezea kilichogundishwa chini ya ganda mahali pa mguu wa mbele. Alijisukuma kuelekea kwetu, kigurudumu kikilia.

"Nilinunua," akasema Mama Mfugaji. "Aliniangalia."

"Na maneno yako yote?"

"Maneno yangu ni ya kweli. Mimi njo nilikosa. Alikuja na ugonjwa ya pua. Nilikuwa sijamutenga. Wengine walikufa, Mwalimu. Wale nilitoa yaini na mkono yangu, nikawaona wanakufa mumoja mumoja juu ya huruma yangu." Akamwelekezea kidole yule wa kigurudumu. "Huyu akapona. Yeye peke yake."

Naandika hili kwa sababu ndilo lililofanya yaliyofuata yawe magumu kumsamehe, na magumu vilevile kumlaumu.

Mwaka wa tatu yakapatikana mayai mazuri. Shemasi alitupeleka kwa gari lake, maana mke wangu hakuweza tena kupanda ngazi ya yale mabasi madogo ya teksi. Mama Mfugaji alimtazama alivyopumua kutoka langoni hadi kizimbani, akatoa kiti chake mwenyewe akakiweka kando ya shimo, akamwita dada. Mke wangu aliinama akachukua penseli. Watu wengine hutia nukta. Yeye alichora msalaba mdogo, taratibu, na Mama Mfugaji akamshikia kiwiko.

"Ni alama, dada. Si ibada."

"Kwangu ni yote mawili," akajibu mke wangu, nao wakacheka kama watu waliojuana.

Kisha Mama Mfugaji akaniambia nibaki pale, akamwongoza mke wangu kibandani na yai lile, akafunga mlango. Nilijua anamuuliza swali lake. Walikaa humo muda mrefu. Walipotoka, Mama Mfugaji alisema tu, "Amejibu vizuri." Nilidhani mke wangu amemtaja Bahati, mwana wetu, kwa ile imani yake kwamba siku moja atarudi. Sikumuuliza. Lilikuwa jibu lake.

Moyo wake haukungoja yai. Baridi ilipokwisha alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, na kila nilipotoka Bluff aliuliza, kabla sijavua koti, kama alama bado iko juu. Nikamjibu iko juu. Daktari akaacha kuzungumza nasi kwa miezi, akaanza kuzungumza kwa majuma. Siku hiyo nilipanda Bluff nikagonga mara mbili.

Alinifungulia hata hivyo, nadhani kwa kuwa hakuwahi kunisikia nikigonga mara mbili. Nikamwomba anipe kobe mwingine, yeyote, aliyekwisha kuanguliwa. Hata kwa kuazima. Mke wangu amshike tu, atembee juu ya shuka, kisha nitamrudisha.

"Wale wadogo wana wenyewe, Mwalimu. Kila mumoja iko na mwenye alitia alama."

"Basi mkubwa mmoja."

"Akitoka hapa, aguse nyumba ya mgonjwa, dawa, kikohozi, baridi ya nyumba ya chini, siwezi kumurudisha kati ya wengine. Unajua juu ya nini. Nilikuonyesha."

"Ulimhurumia mnyama wa gunia."

"Ndiyo. Na niliwazika wengine."

"Mke wangu anakufa, mama."

"Najua," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakuondoka mbele ya vizimba. "Yai yake inaishi. Niliipimisha mwanga jana. Inatikisika. Mwambie inatikisika."

Niliteremka mlima nikiwa na neno hilo peke yake. Nilimwambia mke wangu kwamba yai linatikisika. Alifumba macho akatabasamu, akasema, "Basi ana haraka kuliko yule mama." Shemasi, ambaye alikuwa ameketi kando ya kitanda, alinifuata hadi jikoni. Alinong'ona kwamba bado kuna nafasi, Warwick si mbali, atakwenda yeye mwenyewe, dhambi iwe yake. Nilimtazama. Mke wangu alitusikia kutoka chumbani, maana kuta zetu ni nyembamba.

"Hapana, Shemasi," akaita kwa sauti ile ndogo iliyombakia. "Mimi niko na wangu."

Alifariki kabla ya kobe kutoka. Mama Mfugaji hakuja kuzika, wala hakutuma neno. Nikasema moyoni kwamba nimemjua vya kutosha. Niliacha kukata nyasi. Nilijua taratibu: aliyeacha kurudi hupoteza yai lake, wala haambiwi. Niliona ni haki, nikaiacha haki ile itende kazi yake kwa miaka miwili.

Mwana wangu alinipigia simu Jumapili, kama alivyozoea. Tulizungumza juu ya hali ya hewa ya nchi yake na dawa zangu za presha. Mama yake alipokuwapo, simu zile zilikuwa ndefu, maana yeye ndiye aliyejua la kumuuliza.

Mwaka huu yule mama wa mizizi alinisimamisha Warwick akaniambia kwamba Mama Mfugaji anaondoka Bluff, mwenye nyumba ameuza, na kwamba sukari imemla macho. Nilimwuliza kama ameona mwenyewe. Akasema hapana, amesikia. Hivyo nilikwenda kuthibitisha. Ndiyo sababu niliyojipa.

Niligonga mara moja, nikasubiri muda mrefu mno. Pazia la jikoni halikutikisika. Alipotoka alikuwa akifuata ukuta kwa kiganja, na kandambili zake, kwa mara ya kwanza, zilifanana, kwa kuwa muuguzi aliyekuja kumtunza alimnunulia jozi mpya.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mwalimu." Hakutabasamu. "Umekuja bila majani."

Ua ulikuwa mtupu. Kobe wake wakubwa walikuwa wamechukuliwa na mfugaji mwingine mwenye kibali, mbali bara, mtu ambaye yeye, kwa maneno yake, alimhoji hadi akalia. Wavu ulikuwa umekunjwa. Hata yule wa kigurudumu alikuwa amekwenda. Muuguzi alimchukua, baada ya kujibu vizuri. Nyasi zilikuwa zimeachwa zikue bila mtu wa kuzila.

"Sikujua kwamba alikufa," akasema. "Hakuna mutu aliniambia. Nilijua tu siku hukuleta majani. Juma ya kwanza nikasema mvua. Ya pili nikajua."

Kweli, sikuwa nimemtuma mtu kumwambia.

"Keti. Iko kitu ya kujua. Weye ulifikiri nilimuuliza dada pale ndani, na akaniambia mutoto wa Kanada?"

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Nilimuuliza: mwenye atabaki naye ni nani? Akasema: bwana yangu. Nikasema: dada, huyu ni muzee kukushinda. Akasema: najua, lakini mimi natangulia. Na asubuhi atahitaji kitu cha kumuamsha, maana akibaki peke yake hataamka." Akapapasa ukuta hadi kizimba cha mwisho, kilichofunikwa bado. "Kwa hiyo weye haukuwa mununuzi, Mwalimu. Mununuzi alikuwa dada, na alikuja, alitia alama, hakuiacha hata siku moja. Weye ni mrithi. Mrithi sina ruhusa kumupa mwingine kitu yake. Namungojea tu."

Akainua wavu. Kobe alikuwa mkubwa kama mkate wa mviringo, njano yake bado safi. Alitoa kichwa, akanitazama bila haraka.

Nikauliza kitu cha kijinga, kama afanyavyo mtu aliyeshikwa ghafla. Niliuliza kama aliliweka ganda la yai lile, lenye msalaba.

"Alikula," akasema Mama Mfugaji. "Wadogo wanakulaka ganda yao. Msalaba iko ndani yake."

Bandarini chini yetu meli ilipiga honi. Kisha nikamuuliza swali ambalo ilinipasa kumuuliza siku ya kwanza: wa kwake alikuwa nani, yeye aliyedai mrithi kwa kila mtu, nani angebaki na ua huu, na kazi hii, na yote anayoyajua.

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Hakuna mutu aliniulizaka," akasema.

Nikamwona amezeeka. Aliniruhusu nimwone hivyo kwa muda mfupi, kisha akajikaza, akarudi kuwa yeye.

"Na kisha weye, mwenye atabaki naye ni nani? Ile swali dada hakujibu. Alisema utajibu mwenyewe."

"Sijui, mama."

"Haitoshi. Nilikuambia zamani. Mupigie simu."

"Kule sasa ni alfajiri."

"Mupigie."

Nikapiga. Nikaweka sauti ya nje, kama alivyotaka, nikainyoosha simu kati yetu. Mwana wangu aliitika kwa hofu ya mtu anayeamshwa na mzazi aliye mbali. Nikamwambia siumwi. Nikamwambia, kwa maneno machache yaliyonitoka bila mpangilio, kwamba mama yake aliniachia kobe, kwamba kobe huyu ataishi kunizidi, na kwamba nimesimama mbele ya mtu anayetaka kujua atabaki na nani.

Nilisikia kitanda kikilia, kisha hatua, kisha mlango ukifungwa taratibu. Mama Mfugaji alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa mwili mzima.

"Papa," akasema Bahati, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anakula nini?"

Mama Mfugaji alishika kifundo cha mkono wangu akaivuta simu karibu na kinywa chake.

"Majani, mutoto yangu," akasema. "Majani na nyasi tu. Hapana mkate. Hapana kabichi. Sikiliza vizuri, shika kalamu…"

Akaanza kumweleza, tangu mwanzo, nyasi moja baada ya nyingine, na yule kule akirudia kila neno. Nami nikashika simu kati yao hadi mkono ukaniuma, na sikubadilisha mkono.